Kompyuta kuukuu na kadi ya michezo: Pima kwanza, nunua baadaye

NI jambo la kawaida katika nyumba nyingi za mijini kukuta kompyuta moja ya mezani ikihudumia familia nzima. Asubuhi mama huitumia kuandika hesabu za duka, alasiri mwanafunzi huandaa kazi za shule, na usiku unapoingia vijana huigeuza kuwa uwanja wa mpira au wa vita.

Ni usiku huo ndipo malalamiko huanza. Mchezo uliosifiwa na marafiki unagoma kufunguka, au unafunguka kisha picha zinakwenda kwa kukwamakwama, kiasi kwamba mshambuliaji ameshanyang'anywa mpira kabla kidole hakijabonyeza kitufe cha kupiga.

Ushauri wa kwanza anaopewa kijana huyo huwa mfupi: nunua kadi ya michoro. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Lakini usipofuatiwa na vipimo, unaweza kummalizia akiba ya miezi kadhaa kwa kifaa kisichoingia ndani ya kasha, kisichopata umeme wa kutosha, au kisichobadilisha lolote kwenye skrini. Mbaya zaidi, unaweza kuiharibu kompyuta pekee ambayo familia nzima inaitegemea.

Makala haya yanaeleza namna ya kufikia uamuzi huo kwa kutumia maswali machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyajibu akiwa nyumbani, kabla ya kwenda dukani.

Kadi inafanya kazi gani?

Kadi ya michoro ni kifaa chenye prosesa yake na kumbukumbu yake, ambacho kazi yake kubwa ni kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini. Kampuni ya Nvidia ya Marekani ilipotoa kadi ya GeForce 256 mwaka 1999, iliitangaza kuwa ya kwanza duniani kubeba prosesa kamili ya michoro. Mshindani wake mkubwa, ATI, alinunuliwa na kampuni ya AMD mwaka 2006, na mwaka 2022 Intel nayo ikaingia katika soko hilo kwa kadi zake za Arc.

Tofauti na sinema, ambayo picha zake zimekwisha kurekodiwa, picha za mchezo huchorwa papo hapo kwa kufuata anachofanya mchezaji. Ili mwendo uonekane laini, kompyuta inatakiwa kuchora picha 60 kila sekunde, yaani kila picha imalizike kwa muda usiofika sehemu 17 za elfu moja za sekunde. Zikishuka hadi 30, mchezo bado unachezeka, ingawa uzito unaonekana. Zikishuka chini ya hapo, huanza kukwama.

Skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Kuzichora zote mara 60 kwa sekunde ni kushughulikia nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Kompyuta za ofisini hazikuundwa kwa kazi hiyo. Nyingi hutegemea sehemu ndogo ya michoro iliyomo ndani ya prosesa kuu, ambayo inatosha kwa barua, hesabu na video, na ambayo haina kumbukumbu yake bali huazima ile ya kompyuta.

Hata hivyo, kadi haifanyi kazi peke yake. Prosesa kuu ndiyo inayokokotoa mwendo wa mpira, maamuzi ya wachezaji wa upande wa pili na sheria zote za mchezo, kisha huikabidhi kadi maelekezo ya nini cha kuchora.

Uhusiano wao ni kama wa mafundi wawili katika duka la ushonaji, mmoja akikata vitambaa na mwingine akishona. Ikiwa anayeshona ndiye mzito, cherehani mpya itaongeza idadi ya nguo kwa siku. Ikiwa anayekata ndiye mzito, cherehani mpya itakaa ikisubiri kitambaa, hata iwe ya bei gani.

Nani anayechelewesha?

Swali la kwanza, basi, si kadi gani inunuliwe, bali ni sehemu gani ya kompyuta inayochelewesha mchezo. Jibu linaweza kupatikana bila kutumia fedha.

Kwa kompyuta ambayo tayari ina kadi ya zamani, njia rahisi ni kufungua mchezo unaosumbua, kuingia katika mipangilio yake na kupunguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Badiliko hilo hupunguza nukta za kuchora kwa zaidi ya nusu, kutoka zaidi ya milioni 2 hadi 921,600, lakini halipunguzi kazi ya prosesa kuu.

Mwendo wa picha ukipanda sana baada ya badiliko hilo, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, na kuibadilisha kuna maana. Mwendo ukibaki palepale, tatizo liko kwa prosesa kuu au kwa kumbukumbu, na fedha za kadi zitakuwa zimepotea.

Njia ya pili ni kutumia programu ya kusimamia kazi iliyomo ndani ya Windows, inayofunguliwa kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa mwaka 2017, programu hiyo huonyesha pia kadi ya michoro inatumika kwa asilimia ngapi.

Ikiwa wakati wa mchezo kadi iko kwenye asilimia 95 na zaidi huku prosesa ikiwa na nafasi, kadi ndiyo yenye kasoro. Ikiwa prosesa imefika asilimia 100 na kadi iko kwenye asilimia 50, hali ni kinyume chake. Na ikiwa kumbukumbu ya RAM imejaa kabisa, dawa inaweza kuwa kuongeza RAM, jambo ambalo kwa kawaida ni jepesi kuliko kubadilisha kadi.

Inafaa pia kuangalia kama RAM imewekwa kipande kimoja au viwili. Vipande viwili vinavyofanana, vikiwekwa kwenye nafasi sahihi, huiwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa kompyuta isiyo na kadi, ambayo sehemu yake ya michoro huazima kumbukumbu hiyo hiyo, tofauti huonekana wazi katika michezo.

Kwa wenye kompyuta mpakato, mjadala huu karibu wote hauwahusu. Katika nyingi ya mashine hizo prosesa ya michoro imechomelewa kwenye ubao mkuu, na hakuna nafasi ya kuibadilisha. Mwenye mpakato anaweza kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD pale inapowezekana, lakini kadi ya duka la mtaani haitaingia.

Kasha, umeme na waya

Baada ya kuthibitika kwamba kadi ndiyo inayohitajika, hatua inayofuata ni kuangalia kama kompyuta yenyewe inaweza kuibeba. Hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa.

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 9020, kompyuta ya ofisini iliyoanza kuuzwa mwaka 2013 ikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nne. Mashine za kundi hilo, pamoja na HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre za wakati huo, ziliuzwa kwa ofisi za nchi tajiri, na baada ya kustaafishwa nyingi huishia katika maduka ya kompyuta zilizotumika, yakiwamo ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya katikati ya jiji la Nairobi.

Ni mashine imara. Lakini OptiPlex 9020 ilitoka kwa maumbo tofauti. Yenye kasha la mnara ina kifaa cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, chenye uwezo wa wati 290. Yenye kasha dogo la kulala ina wati 255 tu, na hupokea kadi fupi za nusu kimo peke yake. Ipo pia iliyo ndogo kuliko zote, ambayo haina nafasi ya kadi kabisa.

Mnunuzi anayekwenda dukani akijua jina la kompyuta tu, bila kujua umbo lake, anaweza kurudi na kadi ndefu ambayo kasha halifungi. Ni busara kufungua kasha, kupima kwa rula urefu na kimo cha nafasi iliyopo, na kuandika vipimo hivyo kwenye karatasi.

Suala la umeme ni zito zaidi. Nafasi ya kadi iliyo kwenye ubao mkuu, iitwayo PCI Express, hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hupewa waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Waya wenye pini 6 umewekewa kiwango cha wati 75 za ziada, na wenye pini 8 kiwango cha wati 150.

Kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo. Zipo waya za kuunganisha zinazouzwa ili kuchukua umeme kutoka kwenye plagi za diski na kuupeleka kwenye kadi. Plagi ya kisasa ya diski imeundwa kubeba wati 54 kwenye mkondo wa volti 12, chini ya kile ambacho waya wa pini 6 umeahidi kwa kadi. Kuilazimisha kubeba zaidi ni kukaribisha plagi kuyeyuka, na moto.

Wapo wanaofikiria kubadilisha pawa saplai yote. Kwa kompyuta ya kuunganishwa na fundi hilo ni jambo la kawaida, lakini kwa OptiPlex 9020 si rahisi, kwa sababu plagi yake kuu ina pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila waya maalumu wa kuunganishia. Baadhi ya mashine za HP na Lenovo nazo zina plagi za aina yake.

Kuna pia suala linaloonekana dogo, nalo ni waya wa skrini. Monita nyingi za zamani hutumia plagi ya VGA pekee. Kadi za Nvidia kuanzia kizazi cha GTX 10 cha mwaka 2016 ziliacha kabisa kutoa mawimbi ya aina hiyo. Mwenye monita kama hiyo atahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake kinachotoa VGA kutoka HDMI au DisplayPort, na gharama yake iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Kadi zipi zinafaa?

Kwa mashine zenye mipaka hiyo, uchaguzi huwa katika kundi la kadi zisizozidi wati 75, ambazo hujitosheleza kwa umeme wa ubao mkuu.

Ya zamani katika kundi hilo ni GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayotumia wati 60. Ikafuata GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na wati 75, kisha GTX 1650 ya mwaka 2019 yenye kiwango hicho hicho cha umeme. Mwaka 2022 AMD ilitoa Radeon RX 6400 inayotumia wati 53, na Februari 2024 Nvidia ikatoa toleo la RTX 3050 lenye gigabaiti 6 na wati 70.

Mnunuzi anapaswa kuwa makini hata ndani ya kundi hili. Baadhi ya watengenezaji waliuza GTX 1650 zilizoongezewa kasi, ambazo zinadai waya wa pini 6. Kadi mbili zinaweza kuwa na jina moja, moja ikaingia na nyingine ikagoma.

RX 6400 nayo ina jambo lake. Hutumia njia nne tu za mawasiliano kati ya 16 zilizopo kwenye nafasi ya ubao mkuu. Katika kompyuta mpya zenye PCI Express ya kizazi cha nne, njia hizo nne zinatosha. Katika kompyuta ya mwaka 2013 yenye kizazi cha tatu, kila njia hupitisha nusu ya mzigo, na katika baadhi ya michezo kadi hupungukiwa kasi waziwazi.

Hali kama hiyo huzikumba kadi za Intel Arc. Zimetengenezwa kwa kutegemea uwezo wa prosesa kuu kuisoma kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, uwezo ambao kompyuta nyingi za zamani hazina. Bila uwezo huo kasi yake hushuka sana, kwa hiyo hazifai kwa mashine kuukuu, hata bei yake ikivutia.

Mchezo gani unakusudiwa?

Orodha ya kadi haina maana bila kujua mchezo unaokusudiwa. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, ilipendekezewa na watengenezaji wake kadi ya GTX 660 yenye gigabaiti 2. Kwa mchezo kama huo, GTX 1050 Ti ni neema tosha.

Lakini michezo mikubwa ya miaka ya karibuni imebadili masharti. Indiana Jones and the Great Circle wa Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages wa Mei 2025 inadai kadi yenye saketi maalumu za kukokotoa miale ya mwanga. GTX 1650, pamoja na kufanya vizuri katika michezo mingine mingi, haina saketi hizo, na kwa hiyo haikidhi masharti ya michezo hiyo hata kwa picha hafifu.

Aidha, baadhi ya michezo ya kushindana kupitia intaneti huangalia usalama wa kompyuta kabla ya kumruhusu mchezaji. Valorant, kwa mfano, ikichezwa kwenye Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na uwashaji salama uitwao Secure Boot. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 nayo hudai Secure Boot. Kadi mpya haiwezi kuiongezea kompyuta sifa hizo.

Ndiyo maana inashauriwa kuandika majina ya michezo mitatu au minne ambayo familia inataka kweli kuicheza, kisha kusoma masharti yake, ambayo watengenezaji huyachapisha. Anayetaka mpira na michezo ya zamani ana hesabu tofauti kabisa na anayetaka kila kipya kinachotoka.

Muda wa kuishi

Kadi hutegemea programu iitwayo draiva, ambayo mtengenezaji huirekebisha kila michezo mipya inapotoka. Marekebisho yakikoma, kadi haifi siku hiyo hiyo, lakini huanza kuachwa nyuma.

Mwaka 2025 Nvidia ilitangaza kwamba draiva za michezo kwa kadi za kizazi cha GTX 900 na GTX 10 zingefikia mwisho Oktoba ya mwaka huo, na kwamba baada ya hapo zingepata masahihisho ya usalama tu, kila baada ya miezi mitatu, hadi Oktoba 2028. GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti zote zimo katika kundi hilo. GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata na haikuguswa na tangazo hilo.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mnunuzi. Ikiwa bei za GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinakaribiana dukani, ya pili ndiyo yenye maisha marefu mbele yake.

Kompyuta yenyewe nayo ina umri. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na masahihisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani waliojisajili yaliwekewa ukomo wa Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wake haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Prosesa za mwaka 2013 hazimo.

Kwa familia inayofanya miamala ya benki au kutunza hesabu za biashara kwenye kompyuta hiyo hiyo, suala hili linatangulia mchezo wowote. Kuweka kadi ya bei kubwa ndani ya mashine isiyolindwa tena ni sawa na kupaka rangi nyumba ambayo paa lake linavuja.

Tahadhari sokoni

Kadi nyingi zinazopatikana kwa bei nafuu zimeshatumika. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi ziliadimika duniani, moja ya sababu ikiwa ni wachimbaji wa sarafu za mtandaoni waliozinunua kwa wingi. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilibadili mfumo wake na kuacha kuhitaji kadi, na nyingi ya kadi hizo zikamwagwa sokoni.

Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu, lakini imefanya kazi usiku na mchana. Feni zake huweza kuwa zimechoka, na gundi ya kupitisha joto kati ya prosesa na bamba la kupooza ikawa imekauka. Katika miji ya pwani yenye joto na unyevu, kadi kama hiyo huchemka haraka na kujipunguzia kasi.

Hatari nyingine ni kadi bandia. Wapo wanaochukua kadi za zamani sana na kuandika upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Kompyuta ikiulizwa husoma jina hilo la uongo, lakini mchezo ukifunguliwa hali halisi hujitokeza. Programu ya bure iitwayo GPU-Z ina uwezo wa kuzitambua nyingi ya kadi hizo na kuziwekea alama.

Lipo pia jina linalopotosha. Kadi iitwayo RX 580 2048SP ina vitengo 2048 vya kukokotoa, idadi iliyo sawa na ya RX 570, ilhali RX 580 halisi ina 2304. Si bandia, lakini haistahili bei ya RX 580.

Mnunuzi anapaswa kuiomba kadi ijaribiwe mbele yake kwa dakika 20 au 30 huku ikiendesha mchezo mzito, akiangalia joto na kusikiliza feni. Mistari ya ajabu, nukta za rangi au skrini kuzimika ni dalili za kuondoka. Anapolipa, adai risiti yenye jina kamili la kadi na muda wa dhamana ulioandikwa.

Uamuzi

Baada ya vipimo hivyo, hesabu inakuwa nyepesi. Kununua kadi kuna maana ikiwa mchezo unaokusudiwa ni wa kiasi, prosesa kuu haijalemewa, RAM haipungui gigabaiti 8, kasha lina nafasi, na kadi inayohitajika haizidi umeme uliopo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kuiongezea miaka kadhaa ya furaha kwa gharama ndogo.

Kununua hakuna maana ikiwa prosesa ndiyo inayochelewesha, au ikiwa kadi inalazimisha kununua pia pawa saplai, kasha na monita. Gharama hizo zikijumlishwa, mara nyingi hufikia bei ya kompyuta nyingine ya ofisini iliyotumika lakini yenye umri mdogo, iliyo na prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ambayo inakubali Windows 11 na itakayoipokea kadi ile ile siku fedha zikipatikana.

Kwa anayetaka mpira wa miguu pekee, mashine ya michezo inayounganishwa na televisheni, hata iliyotumika, inaweza kuwa njia fupi zaidi, na ikaiachia kompyuta shughuli za shule na biashara.

Kuna pia njia ya kati. Ikiwa diski ni ya zamani ya kuzunguka, kuweka SSD hakutaongeza idadi ya picha kwa sekunde, lakini kutafanya kompyuta iwake haraka, michezo ifunguke upesi na kazi za familia ziende bila kusuasua. Ni badiliko ambalo kila mtu nyumbani ataliona, si mchezaji peke yake. Hata hivyo, bei za RAM na za diski ziulizwe upya kila mara, kwani mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda duniani baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba.

Gharama ya kila siku isisahaulike. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa tatu kila siku, hutumia karibu uniti 7 za umeme kwa mwezi. Kadi ya wati 150 hutumia maradufu ya hizo. Kwa nyumba inayonunua umeme kidogokidogo, mzee wa nyumba ataiona tofauti hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Aidha, pale umeme unapopanda na kushuka, kifaa cha kusawazisha umeme ni kinga kwa kadi na kwa kompyuta nzima.

Uamuzi ukishafikiwa na kadi ikishawekwa, yapo makosa mawili ya mwisho ya kuepuka. La kwanza ni kuacha waya wa skrini kwenye plagi ya zamani nyuma ya kompyuta badala ya kuuhamishia kwenye kadi, kosa ambalo limewafanya wengi kudhani wameuziwa kadi mbovu. La pili ni kuanza kazi bila kunakili kwanza hesabu za duka na kazi za shule kwenye diski ya nje.

Mchezo ukigoma, utasubiri hadi kesho. Hesabu za mwaka mzima zikipotea, hakuna kadi itakayozirudisha.